Kasha la Biblia na mti wa muthanduku

Fundi hakulifungua. Alilipokea kasha la cucu, nyanya yangu, kwa mikono miwili, akaligeuza likalala kifudifudi, akapitisha kidole gumba kwenye kona ya chini upande wa kushoto, pale uzi ulipokatika na ngozi ikaachama kama mdomo wa kifaranga. Kisha akahamia kona ya kulia, ile nzima, akaikandamiza kwa ukucha. Haikubonyea.

"Hii imeshonwa na mtu," akasema. "Ile nyingine imepitishwa kwenye mashine juzijuzi. Ni nani aliyewafanyia hivi, maitu?"

Huku kwetu mzee humwita msichana "maitu," mama yetu, kwa heshima ya jina analobeba. Nami namwita guka, babu, ingawa hatuna ukoo wowote. Kibanda chake cha mabati kiko Nyeri mjini, si mbali na stendi ya matatu, na asubuhi isiyo na mawingu akiinua kichwa anauona Mlima Kenya kupitia mlango. Siku hiyo hakuinua kichwa.

Sikuwa na jibu zuri la kumpa. Kasha hilo la ngozi nene ya ng'ombe, lenye rangi ya majani makavu, hubeba Ibuku ria Ngai, Biblia ya Kikuyu ambayo cucu huenda nayo kanisani kila Jumapili. Alilinunua mwaka 1974. Miaka miwili iliyopita kona moja ilianza kulegea, nami kwa haraka zangu nikalipeleka kwa watu fulani wanaotengeneza mikoba. Waliipaka gundi, wakazivuta kingo mbili nje mpaka zikasimama kama sikio, wakazipiga mashine. Ilidumu miezi mitatu. Siku iliporaruka haikukatika uzi tu, iliondoka na nyama ya ngozi, na cucu akalibeba kasha lake kifuani hadi nyumbani kama mtoto mgonjwa.

Guka alilisogeza kwenye mwanga, akaivuta miwani yake chini. "Aliyeshona hii nzima alikuwa wa mkono wa kushoto," akasema, kisha akakaa kimya muda mrefu. Nilidhani anakisia. Baadaye alinionyesha. Ukishona ngozi kwa mkono, kila mshono hulala kwa mshazari kidogo, kama majani ya nyasi yaliyopulizwa na upepo, na upande unaolalia hutegemea mkono ulioshika msharasi na sindano iliyotangulia. Ya guka huegemea kulia. Ya kasha la cucu iliegemea kushoto kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila hata mmoja kugeuka.

Nimeandika makala hii kwa sababu ya kona hiyo.

Mkoba hauchakai katikati. Uzito wa kilichomo hushuka na kujikusanya pembeni. Ukiutua mkoba chini, kona ndiyo inayogusa saruji kwanza. Na mshono unapofika pale hulazimika kupinda, ukawa unavutwa huku na kule kwa wakati mmoja. Jumamosi iliyofuata nilikwenda soko la Karatina, nikapita kwenye mikoba iliyoning'inizwa, ya mtumba na mipya, nikaanza kugeuza kona moja moja. Baadhi zilikuwa zimefichwa chini ya vifuniko vidogo vya chuma au plastiki. Nyingine zilikuwa na mshono uliopaa juu ya kona kwa hatua moja ndefu, kama mtu anayeruka mtaro, na hapo ndipo nyuzi zilipoanza kuota manyoya. Muuzaji mmoja alinitazama kwa huruma. "Dada, angalia zipu, zipu ni nzuri," akaniambia, akaifungua na kuifunga mara tatu. Ni kweli, wateja wote waliokuwa karibu nami walikuwa wakijaribu zipu. Zipu ikiharibika hubadilishwa kwa dakika chache. Kona ikishararuka, ngozi yenyewe imekwenda.

Mashine nyingi za kushonea hutumia nyuzi mbili, mmoja wa juu na mmoja wa chini, zinazonasana katikati ya ngozi. Mmoja ukikatika, mwenzake hubaki hana cha kushika, na mshono hulegea tundu baada ya tundu. Fundi wa mkono hutumia uzi mmoja wenye sindano mbili, moja kila ncha. Katika kila tundu sindano zote mbili hupita, moja ikitoka huku na nyingine kule, zikapishana ndani ya ngozi. Ukisuguliwa upande mmoja mpaka ukakatika, uzi uliopita upande wa pili bado umeshika. Mshono huu ni wa matandiko ya farasi. Guka aliujifunzia Nanyuki akiwa kijana, akimsaidia fundi aliyetengeneza matandiko ya farasi wa mashamba ya Laikipia. Tandiko likifunguka farasi akiwa mbioni, mtu huvunjika shingo. Kwa hiyo hakuna aliyemruhusu kushona ovyo.

Alianza kazi kwa kufumua. Kona iliyopigwa mashine haikumchukua muda, ilifunguka kwa kuvutwa. Akanionyesha matundu yake, yamepangwa karibu karibu kwenye mstari mmoja, mfano wa yale ya karatasi ya stempu inayosubiri kuchanwa. Ngozi iliyotobolewa namna hiyo haiponi. Chini yote ya kasha ingebidi itolewe na kuwekwa kipande kipya, na hiyo ilimaanisha kwamba kona nzima nayo ifumuliwe. Jambo hilo lilimuuma kuliko lilivyoniuma mimi. Aliikabili kona ile kwa karibu saa nzima kwa ncha ya kisu kidogo, kwa kuwa nta ilikuwa imeugandisha uzi ndani ya ngozi, na kila mshono ulitoka kwa kubembelezwa. Uzi ule wa mwaka 1974 ulikuwa mweusi kwa jasho na vumbi la barabara ya kanisani, lakini ulikuwa mzima. Aliuzungusha kwenye kijiti, akauweka kando.

Kisha akakata kipande kipya, ngozi ya unene wa milimita 4. Alikinoa kisu kwenye mkanda wa ngozi uliopakwa unga wa kunolea, akakijaribu kwenye nywele za mkono wake. Kingo zilizopaswa kukutana alizikata mshazari, digrii 45 kila moja, ili zikiunganishwa zitoe kona kamili ya mraba. Kosa la unywele mmoja hapa huonekana milele: ukikata kwa kina zaidi, ngozi ya juu hubaki utandu mwembamba unaokunjamana, ukikata kidogo, kingo husukumana na kona haifungi. Alikata kila upande kwa mkupuo mmoja. Mkono ulitembea pamoja na bega, si kiwiko.

Ndipo akachukua bikari. Niliifahamu bikari ya shuleni ya kuchorea duara. Hii ilikuwa na ncha mbili za chuma, nayo aliifungua milimita 4 na kuitembeza ukingoni, ikiacha alama ndogo kama nyayo za ndege. Nilitarajia aanze kona moja aende hadi nyingine. Hakufanya hivyo. Aliweka alama ya kwanza kwenye kona ya kulia, akatembea hatua kumi. Akarudi kona ya kushoto, akatembea hatua kumi. Na akaacha pengo katikati.

"Upande huu hauna urefu unaogawanyika sawasawa kwa nne," akasema. "Hakuna ulio nao. Ukianza huku ukaishia kule, kosa lote linakusanyika konani, unapata mshono mmoja mrefu au mfupi mahali ambapo kila mtu anatazama na kila mzigo unavuta. Anza kotekote konani. Kosa likafie katikati."

Katikati alizikunjua ncha za bikari kwa kadiri isiyopimika kwa macho, akaligawa pengo lile kwa mishono tisa. Nilipoipitia baadaye kwa rula, sikuweza kujua ni ipi iliyorefushwa.

Msharasi wake una mpini wa mutamaiyu, mzeituni wa porini, uliong'aa kwa miaka ya kiganja. Ncha yake si duara. Ina pande nne, umbo la almasi iliyobanwa, nayo huishika imeinama ili kila tundu liwe mpasuko mdogo wa mshazari. Kwa hiyo matundu mawili yanayofuatana hayatazamani ncha kwa ncha, na ngozi iliyo kati yake haipati njia rahisi ya kuchanika. Hilo ndilo linaloulaza mshono kama nyasi, na ndilo lililomfichua fundi wa mkono wa kushoto.

Kwa kona ya kasha msharasi hausimami wima. Ndani ya kasha guka aliweka gogo dogo la mbao lililochongwa mraba, akalibana lote katikati ya magoti yake kwa koleo la mbao. Ncha iliingia kwenye uso wa nje wa ubavu wa kwanza, milimita 4 kutoka ukingoni, ikatokea katikati ya ule mkato wa mshazari, ikaingia katikati ya mkato wa ubavu wa pili, ikachomoza kwenye uso wake wa nje. Ndani ya kasha hakuonekani kitu. Uzi wote unapita ndani ya unene wa ngozi wenyewe. Milimita 1 juu na ncha ingepasua uso. Milimita 1 chini na ingechomoza ndani na kukwaruza jalada la kitabu. Alifanya hivyo tundu baada ya tundu akizungumza nami habari za mvua.

Uzi aliupima mara nne ya urefu wa mshono, akauvuta juu ya bonge la nta ya nyuki, mara moja, mara mbili, mpaka ukaanza kulia. Nta anainunua kwa watu wa Mbeere, ambako mizinga ya magogo bado inaning'inia mitini. Alilowesha kingo kwa kitambaa, akaanza. Kulia kwanza, kushoto baadaye, vuta. Kila mara mpangilio uleule, kwa nguvu ileile. Mshono ukivutwa kwa nguvu isiyolingana, ngozi hukunja uso.

Mahali pagumu kupita pote ni pale pembe tatu zinapokutana: ubavu wa kwanza, ubavu wa pili na chini. Hapo hakuna tena mshono wa kwenda mbele. Kuna njia tatu zinazofika nukta moja. Guka huusimamisha mshono wa wima tundu moja kabla ya mwisho. Tundu hilo la mwisho huliacha wazi, halafu uzi wa chini ukipita huliingia na kuzishika zote tatu pamoja. Nilimwona akifanya hivyo mara ya kwanza nikadhani amesahau. Alipofika, akapitisha sindano zote mbili, akavuta taratibu, na vile vipande vitatu vikasogeleana mpaka mstari kati yao ukapotea.

Nilimuuliza kazi hii inamshinda nini siku hizi. Nilitegemea atasema macho. Akasema ngozi.

Kona ya namna hii haiwezi kushonwa kwa ngozi yoyote. Inahitaji ngozi ngumu, iliyotengenezwa kwa maganda ya miti, inayokubali kuloweshwa, kukunjwa na kukauka ikishika umbo ililopewa, na ambayo ukingo wake ukisuguliwa kwa mfupa hung'aa na kufunga. Tanini ya maganda huingia katika ngozi polepole, kwa wiki nyingi. Ngozi iliyotengenezwa kwa chumvi za kromu, njia iliyoenea duniani tangu mwisho wa karne ya 19, inapatikana haraka sana, ni laini na inafaa viatu na makoti. Lakini ukiikata digrii 45 ukingo wake hubonyea kama mkate. Haina mfupa.

Viwanda vyetu vingi vya ngozi huishia njiani. Kenya iliweka ushuru uliofikia asilimia 80 kwa ngozi mbichi inayosafirishwa nje, ili kazi na fedha zibaki nyumbani. Kilichofuata ni kwamba nyingi hutiwa kromu mpaka zigeuke rangi ya samawati, zikiwa bado mbichimbichi, kisha hupakiwa na kwenda kumaliziwa ng'ambo. Sagana, mwendo mfupi kutoka Karatina, kuna kiwanda cha ngozi. Ng'ombe wako kila boma. Fundi wa Nyeri naye huzunguka mpaka Nairobi kutafuta kipande kigumu cha kutengenezea chini ya kasha moja.

Na kuna miti ambayo tumeizoea kuitazama hadi hatuioni. Muthanduku umejaa kwenye miteremko ya Nyeri, Murang'a na Kirinyaga. Asili yake ni Australia. Uliletwa Kenya kupitia Afrika Kusini mwanzoni mwa karne ya 20, na kufikia miaka ya 1930 wakulima wengi wa Kikuyu walikuwa wameupanda, kwa sababu maganda yake yana tanini nyingi na yalinunuliwa kwa ajili ya viwanda vya ngozi vya ulimwengu. Cucu anakumbuka akiwa msichana akiyabandua kwa panga, akiyafunga matita na kuyapeleka sokoni mgongoni. Sasa mti huo hukatwa kwa kuni na makaa, na maganda huachwa yaoze. Sikio la Mswahili haliwezi kulisikia jina hilo bila kusikia sanduku ndani yake. Mti wa kutengenezea ngozi ya kasha uko nyuma ya nyumba ya cucu, futi ishirini kutoka kitanda chake.

Wala ufundi wa ngozi si mgeni katika nchi hii. Kabla ya vitambaa, nguo zote hapa zilikuwa za ngozi: ya mbuzi iliwambwa chini kwa vigingi, ikaparuzwa, ikalainishwa kwa mafuta ya mbariki, na sketi za wanawake, muthuru, zilishonwa kwa kano. Katika miaka ya 1950, wapiganaji wa uhuru walioingia msitu wa Nyandarua walipochakaliwa na mavazi waliurudia ujuzi huo, wakajishonea makoti kwa ngozi za wanyama. Dedan Kimathi, mmoja wa viongozi wao, alipokamatwa Oktoba 21, 1956, hapa hapa Nyeri, alikuwa amevaa koti la ngozi ya chui. Picha ya kukamatwa kwake imebandikwa katika nyumba nyingi. Watu huyatazama macho yake, nami pia, lakini sasa siwezi kuiangalia bila kujiuliza ni nani aliyeketi kwenye baridi ile ya msituni, bila taa, akaunganisha bega na mkono.

Chuo Kikuu cha Teknolojia chenye jina la Kimathi kiko kilomita chache nje ya mji, barabara ya Mweiga, na hufundisha teknolojia ya ngozi hadi shahada. Hilo ni jambo kubwa na linanipa matumaini. Vijana wanaoelewa kemia ya tanini wako upande huu wa mji. Mzee anayejua kosa lifie wapi yuko upande ule. Kati yao ni safari ya matatu. Ningependa kila mwanafunzi wa ngozi aketi kwenye kigoda kile kwa mwezi mmoja, na guka alipwe kama mwalimu. Kulipwa ndiko kunakokwamisha mambo. Kasha kama la cucu humchukua siku tatu, na wateja hulikatia bei wakilipima na mkoba wa mtumba. Vijana wawili waliowahi kujifunza kwake waliondoka. Mmoja anaendesha bodaboda, nami simlaumu.

Kona ya mwisho aliniachia. Nilishona mishono minne, akaitazama, akaifumua yote bila neno. Nilishona tena, na tena akafumua. Nilikuwa nimetanguliza sindano ya kushoto katika tundu la tatu na mshono umegeuka. Mara ya tatu aliniacha hadi lile tundu la pembe tatu. Nilipovuta, nilihisi vipande vikisogea chini ya vidole vyangu, kitu ambacho sikukiona nilipokuwa nikitazama tu, kwa sababu ni cha mkono, si cha macho. Akarudisha mishono miwili nyuma, akakata uzi, akaugonga mshono polepole kwa nyundo ya mbao, akasugua ukingo kwa kipande cha mfupa hadi ukawa mweusi na laini. Kwenye mfuko aliongeza kile kijiti chenye uzi wa zamani.

Nilimkuta cucu jikoni. Alilichukua kasha, akatumbukiza Biblia ndani, ikaingia kwa kujisukuma kidogo kama inavyostahili. Nikampa uzi. Aliukunjua vidoleni mwake, nami nikamwuliza kama anamkumbuka aliyemshonea.

"Nitamsahauje?" akasema. "Alikuwa akipokea pesa kwa mkono wa kushoto. Mama mkwe alimkaripia mbele ya watu wote, naye akasema, mama, nisamehe, ndio unaofanya kazi."